Mdomo Uliojaa Pepeta

Mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa mbeya. Ukiufungua, kisanduku cheupe kilichobandikwa juu ya fremu kinalia mara tatu, na simu ya mwenye nyumba inapata ujumbe popote alipo, hata akiwa katikati ya kikao. Kiliwekwa kwa sababu ya Bibi, ambaye alikuwa na tabia ya kutoka na kandambili zake na kushika njia ya barabara kuu akitafuta mto. Lakini kisanduku hakijui Bibi ni nani na mimi ni nani. Nikienda kutupa taka, kinalia. Nikitoka kupunga upepo, kinalia, na dakika haijaisha simu yangu inaita: "Bong, kuna tatizo?" Miaka mitatu niliishi hivyo pale Gaithersburg, mtu mzima na akili zangu, natoka nje kwa taarifa.

Nilikuwa mtunza mgonjwa wa kulala hukohuko. Chumba changu kilikuwa besimenti, chini ya ardhi, na dirisha lake lilikuwa juu karibu na dari, kwa hiyo nilichokiona cha Marekani kwa siku nyingi ni majani na viatu vya majirani. Mgonjwa wangu alikuwa mama wa Kikambodia wa miaka themanini na kitu, aliyekimbia vita kwao akiwa na binti mmoja mgongoni. Kiingereza alichojifunza kwa kupiga pasi nguo za watu kiliondoka kwanza ugonjwa wa kusahau ulipomwingia. Kikambodia kikaanza kufuata nyuma. Nilimwita Bibi, naye alinijibu kwa majina mengi, mengine nadhani ni ya ndugu zake waliokufa.

Yule binti wa mgongoni sasa alikuwa mama wa miaka arobaini na nne, mfanyakazi wa maabara ya dawa. Anatoka saa kumi na mbili asubuhi ili asikwame kwenye foleni ya barabara kuu ya 270, na jioni anakwama palepale. Hakuwa na mume wala mtoto. Mimi namzidi miaka mitatu, kwa hiyo aliniita bong, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa. Wiki ya kwanza nilifurahi. Baadaye nikaelewa nimeingia kwenye mtego gani. Mtu akikuita mfanyakazi, unamwomba likizo na anakupa au anakunyima. Akikuita dada, utaanzia wapi? Dada hana siku ya kupumzika. Dada haachi kazi.

Na kosa halikuwa lake, hilo ndilo lililokuwa linaniudhi zaidi. Angekuwa mkorofi ningeshaondoka zamani. Kabla yangu walipita watunzaji wanne, na Bibi aliwafungia mdomo wote, halafu mdomo huohuo ukaja kufunguka kwangu. Kwa nini, sijui mpaka leo. Nilikaa mbele yake na bakuli la uji wa mchele, nikasema "nyam bai", maneno mawili ya kumwambia mtu ale niliyofundishwa asubuhi ile, akacheka matamshi yangu na akala. Tangu siku hiyo hakula kwa mkono mwingine. Binti yake akishika kijiko, anageuza shingo. Nikiumwa mafua, navaa barakoa na kupanda ngazi kumlisha.

Sasa, mwezi wa kumi wa mwaka wa tatu nilipata barua. Chuo kimoja cha uuguzi kilikuwa kimenikubali. Nilikuwa nimeiomba nafasi ile mara mbili nikakosa, nimesoma kemia kule besimenti na taa ya mezani mpaka macho yakaniuma, na nina miaka arobaini na saba, si umri wa kusema nitajaribu tena mwakani. Masomo yalikuwa ya mchana, kuanzia Januari. Walitaka jibu lisipite Ijumaa fulani ya Novemba, la sivyo nafasi wampe mwingine. Ile bahasha niliikuta juu ya kitanda changu, maana barua zote binti ndiye aliyezitoa kwenye sanduku la posta. Nikaificha ndani ya Biblia na kuanza kutafuta siku ya kumwambia.

Mara ya kwanza nilijaribu ndani ya gari lake, tukitoka na Bibi kwa daktari. Nilikuwa nimeshafika "Kuna jambo nataka tuongee," naye akaweka mkono wake juu ya wangu akasema, "Daktari anasema uzito wake umeongezeka. Ni wewe, bong." Nikasema asante. Mara ya pili aliniwahi yeye. Alikuja na koti la baridi, zito, la rangi niipendayo, akanivalisha mwenyewe na kunifunga zipu mpaka kidevuni. "Bila wewe ningempeleka nyumba ya wazee," akasema, "na kule angekufa kwa njaa." Ningesema nini, na zipu imeshafika kidevuni?

Nilimpigia rafiki yangu wa kanisani, mama wa Goma asiyejua kuzunguka mbuyu. "Uko unaogopa nini?" akaniuliza. "Umuambie tu vile iko." Nikamwambia si rahisi hivyo. "Haya basi, ukae pale mpaka na weye uzeeke, wakutafutie wa kukulisha," akakata simu. Nilimchukia siku nzima.

Jumamosi iliyotangulia ile Ijumaa yangu, kwenye hekalu lao kulikuwa na sikukuu. Ni ya mavuno, na kwa haki yake inaangukia usiku wa mwezi mpevu, lakini Marekani hata mwezi unafuata wikendi. Bibi alikuwa na homa. Nikabaki naye, binti akaenda peke yake. Jioni alirudi na mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, akauweka mezani jikoni. "Umetoka Kambodia kabisa," akasema. "Mtu kauleta ndani ya sanduku la nguo." Akaufungua.

Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Moshi kidogo, mchele mchanga, majani. Nikatumbukiza mkono. Punje zilikuwa bapa, nyembamba, rangi ya kijani iliyofifia, zimepondwa zikiwa moto. "Hii ni pepeta," nikasema. Binti akasema hapana, inaitwa ambok. Nikamwambia iite utakavyo, hii ni pepeta. Nikajikuta nalia kama mjinga mbele ya mfuko wa plastiki.

Kwetu ni bonde la Kilombero, na mpunga ndio maisha yetu. Kabla haujakomaa vizuri, shambani kukiwa kumeanza kugeuka rangi na ghala halina kitu, mama alikuwa anakata masuke machache, anayakaanga kwenye chungu mpaka yanaanza kulia, halafu yanamiminwa kinuni yakiwa moto. Hapo hakuna kusubiri. Mama na shangazi wanapokezana michi, huyu akiinua yule anashusha, na mimi napitisha mkono ndani ya kinu kugeuza kati ya mchi na mchi. Ukichelewa, vidole vimekwenda. Kisha ungo, makapi yanapeperuka, na inabaki ile bapa laini tunayoila na nazi au ndizi mbivu. Ndicho chakula cha kwanza cha mwaka. Mama alikuwa hatuachii tuonje kabla hajarusha kiganja kimoja shambani. Tulimwuliza anampa nani, akasema kuleni, acheni maswali.

Nilimweleza binti haya yote, kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, na huku nikitwanga hewa kwa mikono miwili. Bibi alikuwa amekaa pembeni na blanketi lake. Aliponiona, akainua ngumi zake mbili. Mimi nikishusha, yeye anainua. Nikiinua, anashusha. Hakukosea hata mara moja, mtu ambaye asubuhi ile hakujua kikombe kinashikwaje. Tukatwanga hewa pale jikoni, Kambodia na Kilombero, mpaka akachoka. "Pepeta," nikamwambia. "Pepeta," akarudia, na akafungua mdomo apewe.

Binti ndiye aliyenieleza maana ya sikukuu yao tukiwa tunaosha vyombo. Wanauamkia mwezi, mikono imekutanishwa kifuani, wanaushukuru kwa mvua na kwa mchele mpya. Ndani ya mwezi yumo sungura. Zamani sungura huyo alikutana na mtu mwenye njaa, akakosa cha kumpa, akajitoa mwenyewe aliwe. Nilicheka. Sungura wa kwetu ni tapeli, hatoi hata ukucha wake, na kwenye mwezi tuliambiwa yuko mama aliyebeba kuni. Binti naye akacheka. Halafu akaniambia kuhusu desturi ya kijiji cha mama yake, ambayo pale hekaluni hawaifanyi tena. Mwezi ukishapanda na mishumaa ikishateketea, mzee wa nyumba anachukua pepeta kiganja kizima na kuijaza mdomoni mwa kila aliye mdogo kwake. Anampiga mgongoni taratibu na kumwuliza anataka nini. Mdogo lazima ajibu mdomo ukiwa umejaa. Neno litakaloeleweka ndilo la mwaka wake. Lisiloeleweka limepotea.

"Nilitaka Mama anifanyie leo," akasema. "Homa ikamzuia."

"Mwezi wenyewe mpevu lini?" nikauliza.

Alhamisi. Siku moja kabla ya Ijumaa yangu. Nikaamua palepale kwamba Alhamisi, sherehe ikiisha, nitamwambia. Niliapa kabisa, mkono juu ya Biblia iliyokuwa na ile barua.

Alhamisi mchana nilimtoa Bibi kwenye ukumbi wa mbao wa nyuma ya nyumba, nikamfunika mpaka masikio. Nikachukua trei ya kuokea, maana ungo nitautoa wapi, nikamimina pepeta na kuanza kupepeta. Hapakuwa na kapi hata moja. Watu wa Kambodia walishaisafisha wiki mbili nyuma. Nilipepeta mchele safi kwa nusu saa nzima kwa sababu mikono haikujua namna nyingine ya kuishika, na nikamwaga nyingi bustanini kwa jirani. Bibi alikuwa ananihesabia mapigo kwa kidole. Jirani akachungulia dirishani na sikumjali.

Binti aliwahi kutoka kazini. Tukapanga meza palepale nje: ndizi, nazi, sahani ya pepeta, na jani la mgomba lililotoka kwenye friza ya duka la Waasia, limekunjwa kama nguo. Akalilaza chini ya mishumaa. Nta ikidondoka sawasawa juu ya jani, akasema, mvua za mwaka zitakuwa nzuri. Nikamwuliza mvua za nani, sisi tuna bomba. Akatabasamu kidogo tu. Alikuwa kimya jioni ile na nilidhani ni uchovu wa njia.

Ilipokaribia saa kumi na mbili mwezi ulitokeza juu ya paa za nyumba za mkabala, mkubwa, wa njano. Bibi aliuona kabla yetu. Akakutanisha mikono, akainamisha kichwa, na maneno yakamtoka, mengi, yamenyooka, sauti ya mtu mwenye nyumba yake. Binti yake aliniangalia. Miezi sita Bibi hakuwa amesema sentensi nzima. Tukakaa hivyo, baridi inatutafuna, mpaka mshumaa wa mwisho ukazimika.

Ndipo Bibi akachota. Akamshika binti yake kidevu na kumjaza mdomo mpaka mashavu yakatuna, akampiga mgongoni. "Chang ban ei?" Unataka nini. Binti akajibu kwa lugha yao, polepole, neno kwa neno, na punje hazikumdondoka hata moja. Mama yake akamtazama kwa muda. Kisha akamfuta machozi kwa kidole gumba na kuinamisha kichwa kukubali.

Akanigeukia mimi. Mkono wake ulikuwa baridi kama bomba. Alinijaza pepeta mpaka kooni, ikaloa, ikavimba, na ladha ilikuwa ya kwetu kabisa. "Chang ban ei?"

"Nataka kuondoka," nikasema, kwa Kiswahili. Woga ulinishika mpaka kwenye lugha. Ilitoka kama mtu anayezama.

Bibi akatikisa kichwa, akanipiga mgongoni, akachota tena. Sijui alikuwa amesahau kwamba ameshaniuliza, au neno halikueleweka kwa hiyo halihesabiki. Akanijaza juu ya ile ambayo sijaimeza. "Chang ban ei?" Nikarudia, kwa sauti zaidi. "Umesema nini, bong?" binti akauliza. Nikampungia mkono kwamba si kitu. Kiganja cha tatu kikaja.

Pale nilikasirika. Nilikasirikia kisanduku cha mlangoni na dirisha la viatu na koti lile zuri nililokuwa nimelivaa. Miaka mitatu ndani ya nyumba ile niliulizwa kama Bibi amekula, kama Bibi amelala, kama Bibi amepata choo. Wa kwanza kuniuliza mimi nataka nini alikuwa mtu asiyejua leo ni siku gani, na alikuwa ananiuliza tena na tena. Nikasema kwa Kiingereza, na punje zikanitoka mdomoni zikamwangukia binti mapajani: "Nataka kuondoka hapa."

Mara hii ilieleweka. Bibi akakaa chini, ameridhika, akaanza kumenya ndizi.

"Najua," binti akasema. Alikuwa anaokota punje mapajani mwake moja moja. "Bahasha si niliileta mimi? Nilisoma jina la chuo."

Nikameza. Ilichukua muda. Nikamwuliza kwa nini hakusema, akasema alingoja nimwambie mwenyewe, na kila nilipokuwa karibu kumwambia alinizuia, alijua anafanya nini, pole. Halafu bila kuniangalia akanieleza alichojibu mdomo wake ulipokuwa umejaa.

"Nimeomba mama afe kabla hujaondoka."

Bibi alimkatia kipande cha ndizi, naye akakipokea kwa mikono miwili na kukila.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilijibu chuo. Januari nilitoka na masanduku mawili kwa mlango wa mbele. Kisanduku kililia mara tatu na nikasimama kwenye ngazi, nikingoja simu yangu iite. Haikuita.

Bibi hakufa. Wiki hiyohiyo alipelekwa nyumba ya wazee, na siku ya tatu binti alinitumia ujumbe: hafungui mdomo, bong, samahani kukusumbua. Nikapanda basi. Tangu hapo naenda kila Jumapili, na Jumatano kama sina mtihani. Kule mlango una namba za siri, lazima mtu aje akufungulie. Wahudumu wameandika neno PEPETA kwa kalamu nene na kulibandika juu ya kitanda chake, wanalisema kwa lafudhi zao zote, na Bibi anawafungia mdomo. Nikilisema mimi anakula. Siku nyingine wanamtilia maji ya mshipa, na Jumapili kijiko kinaletwa kwangu.

Jumapili iliyopita nilimaliza kumlisha, nikamfuta, nikainuka kuchukua begi. Binti yake alikuwa mlangoni, kidole kwenye namba za siri, tayari kunifungulia. Bibi akanishika kidevu. Akanyoosha kiganja kitupu, akakisukuma mdomoni mwangu, akaanza kunipiga mgongoni taratibu.

"Chang ban ei?"

Mdomoni sikuwa na punje hata moja ya kusingizia. Binti naye alikuwa ananiangalia, anasubiri. Niliweka begi chini, nikakaa tena.